Uloto wa Zipora

Maduhu hakuwa ameongea na binti yake kwa miaka mitatu, na sasa alikuwa anakwenda kumwomba kilichomo ndani ya mifupa yake.

Alitoka nyumbani Ushetu kabla ya jua, akabadilisha gari Kahama, akabadilisha tena Shinyanga mjini, na saa tisa alasiri bodaboda ikamshusha Mwakitolyo. Karasha zilikuwa zinasaga mawe ya dhahabu kwa kelele iliyomfanya asisikie hata hatua zake mwenyewe. Vumbi jeupe lilikuwa limefunika mabati, mbuzi, mpaka nyuso za watu. Akamwuliza mwanamke aliyekuwa akiuza vitumbua.

"Namtafuta mke wa Enock."

Lilikuwa jina ambalo hajawahi kulitamka nyumbani kwake. Zipora alipokataa kuolewa na mgane mwenye ng'ombe mia aliyechaguliwa na baba yake, akaondoka na kijana wa Chato asiye na hata ndama, Maduhu alisimama mbele ya majirani akasema kuanzia siku ile hana binti anayeitwa Zipora. Martina, mkewe, alilia wiki nzima. Eliya, kitinda mimba wao, alikuwa na miaka sita. Alikaa mwezi akiuliza dada atarudi lini, kisha akaacha kuuliza.

Zipora alikuwa ameketi juu ya gunia na nyundo mkononi, akiponda mawe. Alipomwona baba yake alisimama. Hakupiga goti kama alivyofundishwa tangu mtoto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mama amekufa?"

"Mama yako mzima. Nimekuja kwa ajili ya Eliya."

Enock alitoka kibandani akiwa na kigoda, akakiweka chini kwa mikono miwili. Alikuwa kijana mwembamba, mabega makubwa, kope zake nyeupe kwa vumbi. Alimwamkia. Maduhu alichelewa kidogo kuitikia, na wote watatu waliona kwamba amechelewa.

Akawaeleza. Eliya alikuwa na sikoseli, hilo Zipora alilijua; alikuwa akimbeba mgongoni siku za maumivu na kumkanda miguu kwa maji ya moto. Asilolijua ni kwamba mwaka juzi, darasani, mtoto alianguka. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kushoto ukalegea. Kiharusi, akiwa na miaka saba. Tangu hapo anaongezewa damu kila mwezi, na daktari amesema kipo kingine kinachonyemelea.

"Mwaka juzi," Zipora alisema. "Na mimi naambiwa leo."

Maduhu aliendelea, macho kwenye viatu vyake. "Damu inatengenezwa kwenye uloto, ndani ya mifupa. Uloto wake unatengeneza damu mbovu. Dodoma wanaweza kuuondoa wakampandikizia wa ndugu yake wa baba na mama, kama unafanana na wake. Wamempima Lusia, haufanani. Wamempima Wiliam, haufanani. Mimi na mama yako ni nusu tu."

"Nimebaki mimi."

"Umebaki wewe."

Zipora aliitazama nyundo iliyokuwa mkononi mwake. "Wa Lusia ungefanana, ungekuja hapa?"

Maduhu alikuwa amejiandalia maneno mengi ndani ya gari, lakini swali hilo hakulifikiria. Aliona jinsi uongo ungekuwa rahisi.

"Nisingekuja," alisema.

Karasha ilizimwa mahali fulani, kukawa na utulivu wa ghafla. Mwanamke aliyekuwa akiponda mawe kando yao akasema bila kuulizwa kwamba yeye amesikia, ukitoa uloto huzai tena. Zipora alikuwa na miaka mitatu ya ndoa na bado hajapata mtoto, na Maduhu aliona neno lile lilivyomwingia.

Enock ndiye aliyesema. "Hilo tutamwuliza daktari. Lakini mtoto ni mdogo wako, Zipo. Nenda ukapimwe."

Alipimwa. Majibu yalichukua wiki tano, na yaliporudi, uloto wa Zipora na wa Eliya ulifanana kila walipopima.

*

Mwezi wa sita walikwenda Dodoma, Maduhu, Martina, Eliya na Zipora. Daktari Scolastika, mama mfupi mwenye sauti ya chini, alimtoa kila mtu nje akabaki na Zipora peke yake. Zipora alimsimulia mama yake baadaye alichoulizwa: kama kuna mtu anamlazimisha, kama kuna kitu ameahidiwa, kama anaogopa. Aliuliza kuhusu kuzaa, akajibiwa kwamba kizazi hakiguswi na uloto atakaotoa mwili utautengeneza tena. Kisha daktari akamwambia jambo lililomkosesha usingizi.

"Una haki ya kukataa leo, na una haki ya kukataa hata siku yenyewe. Lakini elewa. Kabla ya kupandikiza, tunampa mtoto dawa kali kwa siku kadhaa. Zinaua uloto wake wote. Tukishaanza, hana wa kwake tena. Anasubiri wako."

Zipora aliweka sahihi.

Eliya aliingizwa katika chumba cha kujitenga pamoja na mama yake. Mwingine yeyote alimwona kupitia kioo na kuongea naye kwa simu ya ukutani. Nywele zilimtoka, midomo ikapata vidonda. Siku ambazo aliweza kuongea alimchekesha dada yake.

"Dada, damu yako ikiingia kwangu, na mimi nitajua kuponda mawe?"

"Utajua, na utaniponda na mimi."

Upande wa pili Zipora alikuwa anachomwa sindano kila siku, za kuzisukuma chembe za uloto zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye damu ili mashine ije izikusanye. Siku ya nne kiuno na mgongo vilimwuma mpaka akatembea kwa kushika ukuta. Maduhu alimnunulia uji, akauweka karibu naye, akakaa mbali kidogo. Waliongea kuhusu mvua, kuhusu tumbaku, kuhusu nani amefariki kijijini. Enock alipiga simu kila jioni akitoka kwenye duara, shimo lao la dhahabu, na Zipora alitoka nje kuongea naye, na Maduhu alimsikia akicheka kwa namna ambayo hakuikumbuka.

Siku ya tano ndiyo siku ya mashine. Saa moja asubuhi Zipora aliitwa kupimwa damu kwa mara ya mwisho. Akavua kitenge cha mabegani, akamkabidhi baba yake pamoja na simu.

"Nishikie. Enock akipiga mwambie saa tatu naunganishwa, nitamaliza saa nane."

Saa moja na dakika ishirini simu ikaita. Haikuwa ya Enock. Kioo kiliandika Maganga.

"Zipora?"

"Baba yake. Yeye anapimwa."

Mtu wa upande wa pili alihema. Nyuma yake palikuwa na makelele ya watu wengi na mashine ya kupuliza hewa. "Mzee, mimi nachimba na Enock. Duara letu limetitia. Waliingia alfajiri, yeye na Ndalahwa. Kifusi kimefunga njia."

"Wako hai?"

"Tunasikia kugonga. Mtu anagonga jiwe kwa jiwe."

"Mtu mmoja au wawili?"

"Mmoja, mzee."

*

Maduhu alitembea mpaka kwenye kioo cha chumba cha Eliya. Mtoto alikuwa amelala, mpira wa dawa umeingia kifuani. Martina aliuona uso wa mumewe akainua simu ya ukutani kabla hajaonyeshwa.

Alimweleza. Martina alisikiliza akiwa ameweka kiganja kwenye kioo.

"Usimwambie," alisema.

"Martina."

"Ni masaa saba tu, baba Zipora. Masaa saba. Saa nane tutamwambia. Kwani akijua sasa atamfukua kwa mikono yake? Yuko huku, Enock yuko kule. Mtazame huyu." Aligeuka kumwangalia Eliya. "Hana kitu mwilini. Jana daktari amenionyesha karatasi, chembe nyeupe zimekwisha. Dada yake akiondoka, tunambeba huyu kwenye sanda."

"Na huyo kijana akifa huku binti yetu ameketi hapa, hajui?"

"Atanichukia mimi. Mwambie ni mimi niliyekataza. Mimi nitaubeba mzigo huo."

Maduhu aliirudisha simu ukutani. Koridoni palikuwa na benchi, akakaa. Hoja ya Martina ilikuwa na akili, aliiona wazi kama aonavyo mpaka wa shamba lake. Masaa saba. Pengine mpaka saa nane kijana angekuwa amekwisha kutolewa, na pasingekuwa na cha kuficha. Angeweza kuizima simu. Zipora angedhani chaji imekwisha.

Alikuwa na watoto wanne. Mmoja alikwisha kumfuta kwa maneno mbele ya watu, kwa sababu aliamini anajua kilicho chema kwake kuliko anavyojua mwenyewe. Sasa alikuwa ameketi na simu ya mtoto huyo huyo mkononi, akitafuta kitufe cha kuizima.

Mlango wa maabara ulifunguka. Zipora akatoka akiwa ameshika kipande cha pamba mkononi, akitembea polepole kwa maumivu ya kiuno, akitabasamu kidogo. "Wamesema ziko za kutosha kuanza."

"Kaa, mayu," Maduhu alisema.

Hakuwa amemwita mayu, mama kwa Kisukuma, tangu alipokuwa msichana mdogo. Zipora hakukaa. Tabasamu lilimtoka.

"Maganga amepiga. Duara limetitia. Enock yuko ndani na mwenzake. Kuna mtu anagonga, wanamsikia, lakini hawajui ni nani kati yao. Wanafukua."

Alimpa simu. Zipora aliitazama kama kitu asichokijua matumizi yake. Halafu akakaa sakafuni, pale pale katikati ya korido, na nesi mmoja akakimbia kumwita daktari.

Daktari Scolastika alichuchumaa mbele yake. Aliposikia habari hakumwambia ajikaze.

"Nikiondoka?" Zipora aliuliza.

"Hakuna wa kukuzuia."

"Eliya?"

"Tutajaribu kwa uloto wa mama yako, wa nusu. Naye atahitaji siku kadhaa za sindano. Ni njia ya dharura, Zipora, sitakuahidi chochote. Mtoto amechoka."

Zipora alimpigia Maganga. Alisikiliza muda mrefu. Wote waliomzunguka walisikia sauti za watu wakihimizana, na mashine ikinguruma. Alipokata simu hakuwa analia. Aligeuka kwa baba yake.

"Nikipanda gari sasa nafika saa ngapi?"

"Jioni."

"Nikifika nitafanya nini?"

"Utasimama pale."

"Nitasimama pale." Alirudia kama anayepima uzito wa kitu. Kisha akanyanyuka kwa kushika ukuta. "Basi nenda wewe ukasimame."

Maduhu hakuelewa mara moja. "Leo ndiyo siku ya Eliya."

"Eliya ana mama, na ana mimi. Enock hana mtu. Kwao Chato amebaki bibi yake tu, haoni. Wakimtoa, hai au amekufa, wanamwuliza nani? Maganga si ndugu yake." Sauti yake ilikuwa kavu. "Wakikuuliza wewe ni nani, utasema wewe ni baba mkwe wake. Useme kwa sauti, wakusikie. Na kila utakachokiona uniambie. Usinipimie, baba. Niambie kama kilivyo."

"Nitakuambia."

"Apa."

Maduhu akaapa kwa jina la mama yake mzazi. Zipora akaingia katika chumba cha mashine, akajilaza, akanyoosha mikono yote miwili.

*

Maduhu alipata basi saa tatu na nusu. Manyoni, Singida, Igunga, Nzega, hakuona kitu. Alipiga simu kwa Maganga mpaka Maganga akamwambia kwa upole, mzee, nikipokea simu sifukui.

Saa tisa Zipora akapiga. Alikuwa ametolewa kwenye mashine. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kwenye homa.

"Hazijatosha. Wamepata zaidi kidogo ya nusu. Wananichoma sindano nyingine, kesho asubuhi wananiunganisha tena."

"Unaumwa?"

"Anagonga bado?"

"Saa saba alikuwa anagonga."

Alifika Mwakitolyo jua likizama. Watu walikuwa wamezunguka mdomo wa duara, mamia, wengine wamekaa juu ya viroba vya mawe. Mpira mnene wa hewa uliingia shimoni kupitia upenyo. Wanaume walijipanga mstari wakipitishiana ndoo za kifusi kutoka chini mpaka juu, wakipokezana kila baada ya muda mfupi kwa sababu ya joto. Askari mmoja akamzuia.

"Mzee, wewe nani wa nani?"

"Mimi ni baba mkwe wa Enock."

Alisema kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Watu wakageuka. Mwanamke wa vitumbua akamtambua, na kwa namna alivyomtazama, Maduhu alijua kwamba kisa chake chote kinajulikana pale. Wakampisha. Hakusimama. Alivua koti, akaingia kwenye mstari, akapokea ndoo.

Alipitisha ndoo mpaka mikono ikakosa hisia, akalazimishwa kupumzika, akarudi. Kila walipozima mashine ili kusikiliza, mamia ya watu walinyamaza, na kutoka chini sana ilisikika ngo, ngo, ngo. Kila mara alimpigia Zipora. Anagonga. Bado anagonga. Karibu na mapambazuko walizima mashine, wakasikiliza, wakasikiliza zaidi. Hakikuja kitu.

Alimpigia. "Sasa hivi hawajasikia."

"Sawa," Zipora akasema. "Saa mbili naunganishwa."

Saa mbili na robo mtu alipiga kelele kutoka chini. Mstari wa ndoo ukasimama. Wakapandisha mwili uliofungwa kwenye turubai, wakaulaza chini, mama mmoja akauwekea kitenge. Neno likaanza kupita kati ya watu, kwanza kwa kunong'ona. Ni Enock. Ni yule wa Chato. Mwanamke wa vitumbua akashika kichwa.

Simu ikatetemeka mfukoni.

"Baba, mtu amepiga simu yangu, nesi akapokea, anasema wamemtoa Enock amekufa."

Alisikia mashine ya Dodoma ikizunguka nyuma ya sauti yake. Alijua amelala na sindano mikononi mote, nesi amemshikia simu sikioni, na kwamba akijinyanyua ghafla kila kitu kitaharibika.

"Kuna mtu ametolewa," alisema. "Amefariki. Sijamwona uso."

"Mtazame."

"Zipora..."

"Mtazame, baba."

Hatua zilikuwa kama ishirini. Watu walimfungulia njia. Alipiga goti akashika pindo la kitenge. Alikuwa amemwona Enock mara moja tu maishani kwa kumtazama kweli, ile alasiri ya kigoda, na hakuwa na hakika kama atamjua. Akafunua. Uso ulikuwa umejaa udongo. Akaufuta kwa kiganja, taratibu, paji la uso, macho, mdomo. Kidevuni palikuwa na ndevu nyingi zenye mvi.

"Si yeye," alisema kwenye simu. "Si yeye, mayu. Ni Ndalahwa."

Nyuma yake mwanamke akapiga yowe, akaanguka juu ya mwili. Alikuwa dada yake Ndalahwa. Furaha iliyokuwa imempanda Maduhu kifuani ikageuka aibu, akamwinua yule mwanamke kwa mabega, asijue la kumwambia.

Kama aliyekufa ni Ndalahwa, basi aliyekuwa akigonga ni Enock. Na Enock alikuwa ameacha kugonga.

Wakafukua. Saa tano kasoro, Maganga aliyekuwa chini alipiga filimbi. Gogo la kushikilia mwamba lilikuwa limemlalia Enock mguu wa kulia, na juu ya gogo palikuwa na jiwe. Iliwachukua muda mrefu kuliinua. Alipotoka kwenye mwanga, midomo ilikuwa imepasuka, macho yamefungwa, na chini ya goti palikuwa na kitu ambacho Maduhu alikitazama mara moja akageuza kichwa.

Kisha akakitazama tena, kwa sababu aliapa.

"Ametoka," alimwambia Zipora. "Anapumua. Mguu wa kulia umesagika chini ya goti, sidhani kama utabaki. Hajafumbua macho. Wanampakia kwenye gari kwenda Shinyanga."

"Mpe simu."

"Hawezi kuongea."

"Mwekee tu sikioni."

Maduhu alipanda nyuma ya gari, akachuchumaa kando ya machela akamwekea simu. Hakusikia Zipora alichosema. Aliona kope za yule kijana zikitikisika, na machozi yakichora mistari miwili kwenye vumbi.

*

Siku ile ile alasiri chembe za Zipora zilitosha. Martina alimweleza kwa simu: mfuko mdogo wa rangi nyekundu iliyofifia, ukaning'inizwa, ukashuka kwenye mpira kwa muda wa saa moja hivi. Eliya alikuwa akiangalia katuni.

"Ndiyo hivyo tu?" Maduhu aliuliza.

"Ndiyo hivyo tu. Sasa ni kusubiri kama utashika. Zipora amekuja kwenye kioo. Ameniangalia."

"Amesema nini?"

"Hajasema. Anajua nilichotaka kufanya. Nilimwambia mwenyewe."

Enock alikatwa mguu chini ya goti. Hospitali inataka kila mgonjwa awe na ndugu wa kumwuguza, na Zipora alitakiwa kubaki Dodoma kwa wiki kadhaa, mwili wake ukiwa bado dhaifu na huenda Eliya angemhitaji tena. Kwa hiyo aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda cha Enock alikuwa Maduhu. Alikolelewa yeye, mkwe na mkwe hawakula hata sahani moja. Sasa alimshikia bakuli, alimgeuza, alimfulia mashuka. Siku mbili za kwanza wote wawili walitazama ukuta shughuli hiyo ikifanyika.

Siku ya tatu Enock alisema, "Mzee, mtoto wako yuko kwenye hali ile. Nenda. Maganga atanikalia."

"Nilitumwa hapa," Maduhu alisema, akaendelea kukamua kitambaa.

Siku ya tisa Eliya alipandwa na homa kali. Martina alipiga akiwa hawezi kumaliza sentensi. Chembe nyeupe zilikuwa bado sifuri. Wamembadilishia dawa, hawajui. Maduhu alitoka nje ya wodi, akazunguka jengo mara tatu, akarudi akiwa ameshika mkate alionunua bila kukusudia. Enock hakuuliza. Alisogea kitandani, kwa shida, akaacha nafasi pembeni, na Maduhu akakaa. Walikaa hivyo mpaka wageni wa jioni wakaondoka. Enock alimweleza kitu alichokuwa hajamwambia mtu, kwamba Ndalahwa aliongea naye saa tatu nzima gizani kabla ya kunyamaza, na mengi aliyoongea yalikuwa kuhusu bei ya mahindi.

Homa ilikaa siku nne, ikashuka. Siku ya kumi na sita chembe nyeupe zikaonekana, chache. Siku ya kumi na saba zikaongezeka.

Siku ya kumi na tisa, asubuhi, Maduhu alikuwa bombani akisuuza sufuria ya uji wakati Martina alipopiga. Alizungumza kwa utulivu, kama mtu anayeogopa kukitikisa kitu.

"Zimepanda siku ya tatu mfululizo. Daktari Scolastika amekuja mwenyewe kuniambia. Umeshika, baba Zipora. Uloto umeshika."

Eliya alikuwa bado na miezi ya kukaa karibu na hospitali, ya kunywa dawa za kuuzuia mwili usigombane na ugeni ule, ya kuogopa kila kikohozi. Daktari aliwaambia hayo yote. Lakini Maduhu aliegemea ukuta wa bomba na maji yakaendelea kutiririka kwenye sufuria mpaka mwanamke aliyekuwa nyuma yake akanyoosha mkono akafunga.

Alirudi wodini akamweleza Enock. Enock alifumba macho, akayafumbua.

"Na yeye?"

"Wamemruhusu. Anakuja Jumamosi. Atafikia hapa hapa, hataki kupitia Ushetu."

"Jumamosi ni kesho kutwa."

"Ndiyo."

Enock alijipapasa mashavu, shingo, nywele zilizokaa wiki tatu bila kuguswa. Kwa mara ya kwanza tangu atolewe shimoni alionekana ana wasiwasi wa kawaida, wa kijana anayemsubiri mkewe.

"Mzee, naomba unitafutie wembe. Akinikuta hivi atakimbia."

Maduhu alikwenda dukani ng'ambo ya barabara. Alirudi na nyembe mbili, sabuni, na kioo kidogo cha mfukoni. Akampaka povu, akamwinua kidevu kwa vidole viwili, akamwambia atulie, na akaanza kumnyoa.